Taa Nyekundu ya Oili Haikupi Kesho

Msikilizaji, kwenye dashibodi ya gari kuna taa nyingi, na nyingi kati ya hizo zinakupa nafasi ya kujipanga. Taa ya mafuta ikiwaka, unaanza kutafuta kituo. Taa ya injini, ile ya njano, ikiwaka, mara nyingi utafika nyumbani na fundi utamtafuta kesho. Lakini ipo taa nyekundu yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone, ambayo madereva tunaiita taa ya oili. Hiyo haikupi kesho. Haikupi hata kituo kinachofuata. Nimesimama mara nyingi gereji injini inapofunguliwa, krenki imeungua, beringi zimechakaa mpaka zimekunjamana, na dereva akiulizwa anakiri kwamba taa aliiona, akasema moyoni ngoja nifike. Jioni ya leo nataka tuizungumze taa hiyo peke yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba taa hii inapima kiasi cha oili. Yapo magari yenye taa nyingine, ya njano, inayokwambia oili imepungua kwenye sampu, na hiyo ikiwaka unasimama mahali salama ukaongeza. Hii nyekundu inahusu presha, yaani nguvu inayoisukuma oili kutoka kwenye pampu kwenda kwenye beringi za krenki, kwenye kamshafti kule juu, na kila mahali ambapo chuma kinazunguka ndani ya chuma. Kwenye injini imefungwa swichi ndogo inayokaribia ukubwa wa kidole gumba. Presha ikiwepo, swichi inakata umeme na taa inazima. Presha ikitoweka, swichi inaunganisha na taa inawaka.

Sasa sikiliza tarakimu hizi, kwa sababu ndizo zilizonifanya mimi niiheshimu taa hii. Swichi ya gari dogo la kawaida huwasha taa pale presha inaposhuka hadi paundi kama 3 mpaka 7. Tairi la gari hilohilo unalijaza upepo paundi 30 hivi. Na injini, ikiwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, inatakiwa iwe na presha ya paundi 22 kwa uchache, na inaweza kufika 80. Hizo mbili za mwisho ni tarakimu za Toyota wenyewe kwa injini ya 1NZ ya cc 1,500, ile iliyojaa barabarani kwetu ndani ya Probox, Fielder, na IST nyingi. Kwa hiyo presha ikishuka kutoka 50 hadi 40, taa iko kimya. Ikishuka hadi 20, taa kimya. Ikishuka hadi 10 nawe uko kasi na mzigo nyuma, injini imeshaanza kuumia, na taa bado kimya. Siku inayowaka, mara nyingi presha haikuanza kushuka siku hiyo. Siku hiyo ndiyo imekwisha.

Ukiiona imewaka gari likiwa mwendoni, toa mguu kwenye mafuta, washa indiketa, tafuta pembeni ya barabara iliyo karibu kuliko zote, simama, na uzime injini hapohapo. Usiiache ikinguruma huku unampigia fundi simu. Tahadhari moja tu: usizime kabla gari halijasimama, kwa sababu usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Na ikikukuta mteremkoni, tuseme unashuka Kitonga na abiria ndani, lisimamishe gari kwanza kwa utaratibu wake wote, injini utaihesabu baadaye. Injini inanunuliwa.

Ukishaweka pembetatu ya tahadhari, subiri dakika kumi hivi ili oili ishuke yote kwenye sampu. Gari liwe mahali tambarare. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena. Ina alama mbili, ya juu na ya chini, na kati yake kwa kawaida kuna lita moja hivi. Injini ya 1NZ nzima, pamoja na filta, inachukua lita 3.7 tu, kwa hiyo ikipungua lita mbili umeshapoteza zaidi ya nusu. Kama stiki ni kavu au oili iko chini ya alama ya chini, inama utazame chini ya gari, kwenye nati ya kumwagia oili, kwenye filta, kwenye ukingo wa sampu. Oili ikiwa inachuruzika, usijidanganye kwamba utakuwa unaongeza kila kilomita kadhaa mpaka ufike. Kama hakuna mvujo unaoonekana, ongeza hadi alama ya juu, washa injini na macho yako yawe kwenye taa. Izime ndani ya sekunde chache. Haikuzima, zima wewe injini.

Na kama stiki inaonyesha oili imejaa vizuri, na taa iliwaka? Hapo ndipo madereva wengi wanapopotea. Wanaona oili ipo, wanashusha pumzi, wanawasha na kuondoka. Msikilizaji, oili kuwepo kwenye sampu ni jambo moja, na oili kufika kwenye krenki ni jambo jingine. Stiki haiwezi kukwambia hilo la pili. Gari hilo livutwe. Najua kuvutwa kunauma, hasa ukiwa katikati ya Chalinze na Segera na mwenye gari la kuvuta anakupangia bei anayotaka yeye. Hata hivyo bado ni nafuu kuliko injini.

Nieleze kwa nini nasema uzime hapohapo, wala sisemi baada ya dakika moja. Krenki haikai juu ya beringi, inaelea. Kati yake na beringi kuna nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, na nafasi hiyo imejaa oili. Mwaka 1883 mhandisi mmoja Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa anachunguza beringi za ekseli za treni kwa ajili ya taasisi ya wahandisi mitambo ya nchini kwake. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aingizie oili. Ekseli ilipozunguka, badala ya oili kuingia, ikapanda kupitia lile tundu na kumwagika nje. Akaliziba, kizibo kikatoka. Akagongomea kipande cha mti, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga geji, mshale ukapita paundi 200. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akalieleza jambo lile kwa hesabu: chuma kinachozunguka kinaivuta oili kwenye nafasi nyembamba na kuibana, na oili iliyobanwa hivyo inaubeba mzigo wote bila chuma kugusa chuma.

Maana yake kwetu ni kubwa. Pampu ya oili siyo inayoibeba krenki. Krenki inajibeba yenyewe kwa kuzunguka, mradi ina oili. Kazi ya pampu ni kuleta nyingine badala ya ile inayotoroka pembeni mwa beringi kila wakati. Ukikata ugavi huo, iliyobaki inatoka kwa muda mfupi sana, kisha chuma kinakutana na chuma. Beringi ni laini kuliko krenki, kwa hiyo ndiyo inayoanza kuchubuka, inapata moto, inashikana na krenki na kuzunguka nayo ndani ya konrodi. Hapo utasikia injini inagonga. Ukiendelea kukanyaga, konrodi inakatika na kutoboa bloku, na hiyo injini haitengenezeki tena. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka mara 50 kila sekunde. Yule anayesema ngoja nifike pale kwenye kona, ikiwa kona iko mbali dakika moja tu, anaizungusha krenki kavu mara 3,000.

Sasa tuje kwenye kutafuta ugonjwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea.

Siku moja nilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, kijana mmoja akaja na Probox nyeupe ya kubebea mizigo. Fundi wa pale ni mtu mzima, mvi kichwani, haongei sana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Inakusumbua nini?”

“Taa ya oili. Ikiwa taratibu haiwaki. Nikivuka themanini kwenda mia inaanza kupepesa. Nikipunguza, inazima.”

“Umeshafanya nini mpaka sasa?”

“Nimebadilisha swichi, ikaendelea. Nikaambiwa niweke oili nzito, namba arobaini, nikaweka. Ikatulia siku kadhaa, ikarudi. Jana fundi mwingine kaniambia pampu imekufa, nikanunue.”

Mzee hakumjibu. Alichomoa stiki, akanusa, akasugua tone la oili kati ya vidole viwili. Akalala chini ya gari na tochi. Akarudi akaifungua ile swichi mpya, na mahali pake akafunga geji ya presha, ile yenye nyuzi za inchi 1/8 zinazoingia kwenye Toyota nyingi, akapitisha mpira wake mrefu mpaka juu ili kila mtu aone mshale. Akawasha injini ikiwa bado ya moto. Bila kukanyaga, paundi 15. Safi kabisa, Toyota wanakubali hata 4 na kidogo. Akamwambia kijana akanyage taratibu. Mshale ukapanda hadi 30. “Ongeza. Ishikilie hapohapo.” Mshale ukatetemeka, ukasimama, halafu mguu ukiwa palepale ukaanza kushuka. Ishirini na tano. Kumi na nane. Kumi. “Achia, zima.”

Hapo ndipo alipoongea. “Pampu ikichoka, au beringi zikilegea, presha inakuwa ndogo injini ikiwa moto na haijakanyagwa. Ukikanyaga, inapanda. Hii yako inakwenda kinyume. Hii koo limezibwa. Ikihitaji oili nyingi, haiipati.” Akamgeukia kijana. “Nani aliwahi kufungua hii sampu?”

Kijana akakumbuka. Ilikuwa inavuja, ikashushwa kwenye gereji moja, ikafungwa upya kwa silikoni.

Sampu iliposhuka, kila kitu kilikuwa wazi. Pembeni kote, kwa ndani, silikoni ya kijivu ilikuwa imefurika kwa sababu aliyeipaka aliipaka nyingi, akakaza, iliyozidi ikaingia ndani. Vipande vimekatika kimoja kimoja na kuvutwa na oili mpaka kwenye chujio la kunyonyea, ule wavu mdogo unaokaa chini kabisa ndani ya sampu, kabla ya pampu. Mzee alikivuta kipande kimoja kwa ncha ya bisibisi, kikatoka kirefu kama kidole cha mwanamke, laini, na tope jeusi la oili ya zamani limekishika kwenye wavu. Sehemu kubwa ya wavu ilikuwa imefunikwa hivyo. Injini ikienda taratibu, oili kidogo ilitosha kupita kwenye matundu yaliyobaki. Ikikimbia, pampu inanyonya kwa nguvu, vipande vinalala bapa juu ya matundu, na oili inakatika. Ukipunguza mwendo, vinaachia. Ndiyo maana taa ilikuwa inazima, na ndiyo maana kila mtu aliishuku swichi.

Lile chujio lilioshwa kwa petroli mpaka mwanga ukapita kila tundu. Midomo ya sampu na ya bloku ikakwanguliwa ikabaki chuma kitupu, na safari hii silikoni ikapita mstari mmoja mwembamba, usiokatika, unaozunguka matundu ya nati kwa ndani. Filta mpya, oili 5W-30. Geji ikarudishwa. Injini ya moto, bila kukanyaga, 15. Kwa mizunguko 3,000, 45, na mshale haukutikisika hata mguu ulipokaa pale kwa muda. Mzee akaziandika tarakimu zile mbili kwa kalamu ya wino mzito juu ya kava la injini, pamoja na tarehe, akafunga swichi.

Fikiri kama kijana yule angekwenda kununua pampu. Pampu ya 1NZ haifungwi nje. Iko mbele ya injini, ndani ya kava la cheni, na inazungushwa na ncha ya krenki yenyewe. Kuifikia ni kazi ya siku nzima: mikanda, puli, kava lote la mbele, na silikoni nyingine tena. Angefunga pampu mpya juu ya chujio lilelile lililozibwa, na mwendo wa mia taa ingewaka kama jana. Ndiyo maana nasema, na ninasema kwa moyo wote: fundi ambaye hana geji ya presha ya oili hana haki ya kukwambia pampu imekufa. Geji si kifaa cha ajabu. Bei yake ni ya kawaida, na kazi yake ni ya nusu saa. Msikilizaji, hata kama hujui kushika spana, unaweza kumuuliza fundi wako swali moja: presha ilisoma ngapi? Akikwambia hakupima ila anajua kwa uzoefu, mtafute mwingine.

Geji inatenganisha mambo mengine pia. Presha ikisoma vizuri popote pale na taa inawaka, ugonjwa ni wa swichi au waya, na umepona kwa pesa ndogo. Presha ikiwa ndogo moto bila kukanyaga na inapanda ukikanyaga, tazama kwanza oili yenyewe, halafu beringi na pampu. Presha ikiwa ndogo wakati wote, baridi na moto, hapo pampu ndiyo inayotangulia kushukiwa, pamoja na vali ya kupunguzia presha iliyomo humo, ambayo inaweza kukwama wazi kwa uchafu mdogo tu na kuirudisha oili kwenye sampu kabla haijafika popote.

Kuhusu oili nzito. Sisemi oili ya 20W-50 ni sumu. Vitabu vingi vya magari yaliyokusudiwa nchi za joto vinaruhusu oili nzito kuliko ile ya Japani wakati wa baridi, na injini iliyozeeka kihalali inaweza kunufaika nayo. Ninachokipinga ni kuimimina ili taa izime. Oili nzito inapita kwa shida kwenye nafasi iliyolegea, kwa hiyo presha inapanda kwenye geji na taa inazima. Beringi iliyolika imebaki imelika. Na ikiwa tatizo ni chujio lililozibwa, kama lile la Gerezani, oili nzito inalizidisha, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Kwenye injini zenye cheni kuna hasara nyingine: kikaza cheni kinategemea presha ya oili, na oili ikichelewa kupanda, utasikia cheni ikilia kila asubuhi kabla haijatulia.

Yapo mambo mengine yanayotokea kwetu zaidi kuliko ilivyoandikwa kwenye vitabu vya Ulaya. Sampu iliyobonyea ni moja. Gari limeshuka chini, barabara ya vumbi ina jiwe, sampu inapigwa na kubonyea kuelekea ndani, haivuji hata tone, dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Lakini chujio linakaa karibu sana na sakafu ya sampu. Bonyeo likiisogeza sakafu ikaubana ule wavu, oili haina pa kupita. Ukipigwa na jiwe chini, mwambie fundi atazame, hata kama hakuna kinachovuja. Jingine ni mpira wa filta. Ukifungua filta ya zamani, mpira wake unaweza kubaki umeganda kwenye bloku. Fundi mwenye haraka anafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, inashika kwa muda, halafu siku ya presha kubwa inateleza na oili yote inamwagika barabarani ndani ya dakika chache. Mwambie akuonyeshe filta ya zamani ikiwa na mpira wake. Hilo halimvunjii heshima mtu.

Oili ikinuka petroli na imezidi alama ya juu bila mtu kuongeza, petroli inaingia kwenye sampu na kuilainisha oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ni maji. Zote mbili usiendeshe.

Na oili za kughushi zipo, tena kwenye makopo yanayopendeza. Ushauri wangu ni mdogo: nunua kwa muuzaji anayekupa risiti na unayeweza kumrudia, angalia kifuniko kama kimeshafunguliwa, na ukishamaliza kopo litoboe kabla hujalitupa, kwa sababu makopo mazima ndiyo yanayookotwa na kujazwa tena.

Sasa kuna jambo linalonikera kwa dhati. Wapo watu wanaouza magari baada ya kukata waya wa taa ya oili, au kuichomoa balbu, ili mnunuzi asiione. Wengine wanafanya kitu kibaya zaidi: wanaiunganisha taa ya oili na waya wa taa nyingine, ili iwake ukifungua swichi ya ufunguo na izime injini ikiwaka, uamini kwamba kila kitu kiko sawa. Mtu anatoa akiba ya miaka, anapeleka familia Tanga au Iringa na gari ambalo limezibwa mdomo. Huo ni wizi, na ni hatari kwa maisha.

Kwa hiyo ukinunua gari, fanya hivi. Kabla ya kuwasha injini, fungua swichi ya ufunguo tu. Taa nyekundu ya oili lazima iwake. Haikuwaka, usiendelee na mazungumzo ya bei. Ikiwaka, mwombe fundi uliyekwenda naye, si wa muuzaji, auchomoe waya kwenye swichi ya oili. Taa izime. Auguse waya huo kwenye chuma cha injini. Taa iwake. Kwenye magari mengi yenye swichi ya waya mmoja, taa ikitii hivyo ni ya kweli. Halafu geji. Muuzaji anayekataa geji amekujibu.

Nimalizie na wenye magari ya biashara, kwa sababu naona wengi wao wanasikiliza wakati huu. Umempa kijana gari, mmekubaliana hesabu ya siku. Taa imewaka Mlandizi saa kumi na mbili jioni. Akisimama, abiria wanataka nauli yao, kuvutwa ni pesa, na hesabu haitatimia. Akiendelea, pengine atafika. Anajua pia kwamba ukisikia gari limelala njiani, swali lako la kwanza litakuwa pesa iko wapi. Kijana huyo ataendelea, na mimi simlaumu yeye peke yake. Keti naye leo umwambie kwa mdomo wako: taa nyekundu ikiwaka, zima, nipigie, na hesabu ya siku hiyo imesamehewa. Andikeni kwenye makubaliano yenu. Hesabu ya siku moja ni maelfu. Injini ya mtumba, pamoja na kuifunga, inahesabiwa kwa milioni.

Na ikiwa imeshafika huko, unanunua injini ya mtumba, usikubali ifungwe kwenye gari kama ilivyoshuka kwenye kontena. Imekaa wazi, hujui ilizimwa kwa sababu gani. Sampu ishushwe ikiwa bado sakafuni, chujio lioshwe, na kifuniko cha beringi moja ya konrodi kifunguliwe uione hali yake. Ni kazi ya saa moja ikiwa chini, na ni kazi ya siku nzima ikishaingia. Filta mpya. Siku ya kuwasha, plagi zitolewe kwanza na sindano za mafuta zichomolewe waya, injini izungushwe na stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime yenyewe, ndipo plagi zirudishwe. Pima presha siku hiyo, uiandike. Pima tena ikishatembea kilomita 500, oili ikiwa moto, na ulinganishe.